Pembe ya mito mitatu: Fort Pitt na ahadi iliyoijenga

Mto Allegheny unashuka kutoka kaskazini, Monongahela unakuja kutoka kusini, na pale inapokutana ndipo Mto Ohio unapoanza. Kipande cha ardhi kilichobanwa katikati ya mito hiyo ni kidogo, mtu anakimaliza kwa miguu kwa dakika chache. Siku hizi ni bustani ya umma katikati ya jiji la Pittsburgh, Pennsylvania. Lakini kati ya 1754 na 1761 hapo palijengwa ngome nne, moja baada ya nyingine, na damu iliyomwagika kwa ajili yake iliwasha vita vilivyofika hadi India na Ufilipino.

Kwa kawaida habari hii husimuliwa kama ugomvi wa Wafaransa na Waingereza uliokwisha kwa Waingereza kushinda. Ukiifuata hivyo, mambo mengi hayakai sawa. Kwa nini jeshi la Uingereza lililokwenda 1755 na mizinga yake lilisambaratishwa njiani, na lile la 1758 likaingia bila kurushiana risasi langoni? Kwa nini ngome kubwa ya matofali ilizingirwa miaka miwili tu baada ya kukamilika, wakati Wafaransa walikwisha kuondoka? Na kwa nini wenye ngome hiyo, baada ya gharama na vifo vyote, waliiuza kwa pauni 50?

Mimi naona jibu la maswali yote matatu ni moja. Ngome ya makutano yale ilisimama kwa ridhaa ya watu waliokuwa wakiishi pembeni mwake, hasa Walenape na Washawnee, mataifa mawili ya asili ya Amerika. Waliporidhia, ilipatikana kwa urahisi. Walipodanganywa, kuta hazikutosha.

Mto ndio uliokuwa barabara

Katikati ya karne ya 18 hapakuwa na njia ya kupitisha gari la mizigo katika misitu iliyo magharibi ya milima ya Allegheny. Mzigo mzito ulikwenda kwa maji au haukwenda. Wafaransa walikuwa na makoloni mawili yaliyotengana mno: Kanada kaskazini, na Louisiana kusini kwenye mdomo wa Mto Mississippi. Mtu akitoka Montreal kwa mtumbwi angeweza kufika Ziwa Erie, akabeba mtumbwi nchi kavu kwa mwendo wa siku moja hivi, akaushusha kwenye kijito kinachomwaga Allegheny, kisha akateremka na Ohio na Mississippi mpaka New Orleans. Safari hiyo yote ilipita kwenye pembe ile. Aliyekaa pale na mizinga michache aliweza kuilinda njia hiyo au kuikata.

Mwaka 1749 Wafaransa walimtuma ofisa mmoja, Céloron de Blainville, ateremke na Ohio akizika mabamba ya madini ya risasi kwenye midomo ya mito, kila bamba likiwa limeandikwa kwamba nchi hiyo ni ya Mfalme Louis wa 15. Wenyeji walioshuhudia hawakupendezwa hata kidogo, na walimwambia hivyo.

Upande wa Waingereza mambo yalikuwa na sura nyingine. Virginia ilidai nchi hiyo kwa hati yake ya zamani ya kifalme, na Pennsylvania nayo ikaidai kwa hati yake. Wafanyabiashara wa Virginia walikuwa wameunda Kampuni ya Ohio, wakapewa ekari 200,000 kwa masharti kwamba wahamishie huko familia 100 katika miaka 7 na wajenge ngome. Gavana wa Virginia aliyekuwa akitoa amri za kijeshi, Robert Dinwiddie, alikuwa mwenye hisa katika kampuni hiyo. Jambo hilo lisipitwe haraka: tangu mwanzo, ulinzi wa dola na faida ya wauza ardhi vilikuwa mikononi mwa watu walewale.

Na wenyeji je? Hapo ndipo wengi hupotea njia, kwa sababu wenyeji hawakuwa upande mmoja. Shirikisho la Haudenosaunee, ambalo Wazungu waliliita Iroquois, lilikuwa na baraza lake Onondaga, mbali kaskazini-mashariki katika eneo ambalo leo ni jimbo la New York. Lilidai mamlaka juu ya bonde la Ohio kwa kuwa mababu zao waliliteka katika karne ya 17. Lakini waliokuwa wakilima mahindi na kuwinda paa huko walikuwa hasa Walenape, Washawnee, na Waseneca, mojawapo ya mataifa ya Haudenosaunee, waliohama kutoka kwa ndugu zao. Mara kwa mara Onondaga iliuza ardhi ambayo wengine ndio waliokuwa wakiikalia, na Waingereza walipenda sana kununua kwa muuzaji wa namna hiyo.

Walenape walifika Ohio wakiwa wamekwisha kuonja machungu. Nchi yao ya asili ilikuwa kando ya Mto Delaware, mashariki. Mwaka 1737 wana wa William Penn walitoa karatasi ya zamani iliyosema kwamba Walenape walimpa baba yao ardhi kwa kadiri mtu anavyoweza kutembea kwa siku moja na nusu. Kisha wakaajiri wakimbiaji hodari, njia ikafyekwa mapema, na mmoja wao akafika karibu kilomita 100. Walenape wakafukuzwa. Watu waliotendewa hivyo ndio waliokuwa wakiangalia wageni wakipima udongo wa makutano.

Kutoka Trent hadi Braddock

Mwishoni mwa 1753 Dinwiddie alimtuma kijana wa miaka 21, George Washington, awapelekee Wafaransa barua ya kuwataka waondoke. Njiani Washington alisimama kwenye pembe ile akaitazama, akaandika katika shajara yake kwamba panafaa mno kwa ngome kwa sababu panaitawala mito yote miwili. Wafaransa walimpokea kwa adabu, wakamlisha, wakakataa kuondoka.

Februari 1754 mfanyabiashara wa ngozi aitwaye William Trent alianza kujenga ngome ya Virginia mahali hapo. Mshike jina lake, maana atarudi mara mbili. Tarehe 17 Aprili, Trent akiwa hayupo, Wafaransa wapatao 500 waliteremka na Allegheny wakiwa na mizinga. Ofisa aliyeachwa, Edward Ward, alikuwa na watu kama 40. Akasalimisha magogo yake. Wafaransa wakajenga ngome yao, wakaiita Duquesne kwa heshima ya gavana wao wa Kanada.

Washington alirudi na kikosi kidogo. Mei 28 kikosi chake na wapiganaji wa Tanaghrisson, kiongozi wa Waseneca, waliwavamia Wafaransa waliokuwa wamepiga kambi bondeni, na ofisa wao Jumonville akauawa. Julai 3 Wafaransa walilipiza, wakamzingira Washington katika boma la haraka lililojaa tope, na usiku ule akatia saini hati ya kujisalimisha iliyoandikwa kwa Kifaransa, lugha asiyoijua. Hati hiyo ilimfanya akiri kwamba Jumonville aliuawa kwa hila. Vita vikawaka.

Uingereza ikamleta Jenerali Edward Braddock na vikosi vya kutoka ng'ambo. Wengi humlaumu kwa sababu alipigana kwa mistari msituni. Kosa lililomgharimu alilifanya mapema zaidi. Shingas, kiongozi wa vita wa Walenape, alimwendea kabla ya safari akamuuliza: Waingereza wakiwafukuza Wafaransa, ardhi hii itakuwaje? Mateka mmoja aliyekaa miongoni mwa Walenape alisimulia baadaye, kama alivyosikia kwa Shingas mwenyewe, kwamba Braddock alijibu kuwa nchi watairithi Waingereza. Shingas akauliza kama marafiki wa Waingereza hawataruhusiwa kuishi na kuwinda humo. Akajibiwa kwamba hakuna mshenzi atakayerithi ardhi. Walenape wakamwambia kwamba kama hawana ruhusa ya kuishi juu ya ardhi hiyo, hawataipigania. Wakaondoka.

Tarehe 9 Julai 1755, kilomita kama 15 tu kutoka ngomeni, kikosi cha Braddock chenye watu wapatao 1,300 kilikutana na Wafaransa na Wakanada kama 250 pamoja na wapiganaji wa mataifa ya asili zaidi ya 600. Angalia idadi hizo vizuri: wengi wa waliomshinda Braddock hawakuwa Wafaransa. Waingereza karibu 900 waliuawa au kujeruhiwa. Braddock alikufa siku nne baadaye, akazikwa katikati ya barabara aliyoichonga mwenyewe, na jeshi likapita juu ya kaburi ili lisijulikane lilipo.

Kwa miaka mitatu iliyofuata, wapiganaji kutoka Ohio walishambulia mashamba ya walowezi wa Pennsylvania na Virginia. Fort Duquesne yenyewe ilikuwa dogo, la magogo na udongo, mafuriko yakilifikia. Mamia ya wapiganaji waliokaa nje yake ndio waliokuwa ngome halisi ya Wafaransa.

Seremala kando ya moto

Mwaka 1758 Jenerali John Forbes alipewa kazi ileile. Alikuwa mgonjwa kiasi cha kubebwa kwenye machela iliyofungwa katikati ya farasi wawili. Alichonga barabara mpya kupitia Pennsylvania, akijenga vituo vya akiba njiani, na Washington akalalamika sana, kwa kuwa barabara hiyo ingewafaa wafanyabiashara wa Pennsylvania badala ya wale wa Virginia. Huo nao ulikuwa ugomvi wa ardhi.

Lakini Forbes alielewa jambo ambalo Braddock alilidharau: bila kuwatenganisha Walenape na Wafaransa, asingefika. Ndipo akatokea mtu ambaye hana sanamu kubwa popote ninapojua, naye anastahili kuliko majenerali wengi. Christian Frederick Post alikuwa Mjerumani, seremala, mmisionari wa Kimoravia, aliyewahi kuoa kwa Walenape na kujua lugha yao. Agosti 1758 alivuka milima akiongozana na Pisquetomen, ndugu yake Shingas, mpaka ng'ambo ya Allegheny, mkabala na Fort Duquesne yenyewe. Wafaransa wakavuka kuja kumdai. Walikuwa wametangaza zawadi kubwa kwa atakayeleta ngozi ya kichwa chake. Wenyeji wake walimwambia asisogee kutoka kando ya moto, naye akakaa hapo, bunduki za ngome zikiwa upande wa pili wa maji, akazungumza habari za amani. Walenape hawakumtoa.

Shajara yake imehifadhi swali waliloliuliza. Kwa nini ninyi na Wafaransa hampigani huko kwenu, au baharini? Kwa nini mmekuja kupigania juu ya ardhi yetu? Walimwambia wazi kwamba wanaamini mataifa yote mawili yanataka kuwamaliza wao na kugawana nchi. Sisi hupenda kusema wapiganapo mafahali wawili ziumiazo ni nyasi, lakini methali hiyo haiwafai Walenape. Walijua thamani yao katika vita hivyo, na waliiuza kwa bei moja: ardhi ibaki yao.

Pisquetomen alipeleka ujumbe mashariki. Oktoba 1758, katika mji wa Easton, zaidi ya watu 500 wa mataifa 13 walikutana na wakuu wa Pennsylvania na New Jersey. Pennsylvania ikarudisha ardhi ya magharibi ya milima iliyokuwa imeinunua kwa Haudenosaunee mwaka 1754, na ikaahidi kwamba Waingereza hawatakwenda kukaa huko bila idhini. Wakati huohuo Waingereza walikuwa wameiteka Fort Frontenac kwenye Ziwa Ontario, na ghala la Wafaransa likawa tupu. Hawakuwa tena na baruti, nguo wala zawadi za kuwapa rafiki zao.

Post alirudi Ohio na habari za Easton mnamo Novemba. Ofisa wa Kifaransa alikuwapo kijijini, naye akatoa uzi wa shanga za makombe ambao kwa desturi yao ndio uliobeba mwito wa vita. Post anaeleza kwamba wapiganaji waliupiga teke kutoka kwa huyu kwenda kwa yule kana kwamba ni nyoka, kisha mmoja wao akachukua fimbo akautupa kutoka mwisho mmoja wa nyumba hadi mwingine. Nikiulizwa Fort Duquesne ilianguka lini, nitataja siku hiyo.

Tarehe 24 Novemba Wafaransa waliilipua ngome wakaondoka. Siku iliyofuata jeshi la Forbes lilikuta moshi na mabomba ya moshi ya nyumba yaliyobaki wima. Forbes akapaita mahali hapo Pittsburgh kwa heshima ya waziri William Pitt, akarudi Philadelphia, akafa Machi 1759. Kabla jeshi halijapoa, viongozi wa Walenape waliwaambia makamanda wake warudi ng'ambo ya milima kama walivyoahidi. Hawakurudi.

Matofali, mafuriko na ndui

Baada ya boma dogo la kupitishia baridi, Septemba 1759 ilianza ngome ya nne, na hii haikuwa ya kufukuza Wafaransa, maana hawakuwapo. Fort Pitt ilikuwa na pande tano, kila kona ikiwa na jukwaa la mizinga lililochomoza nje ili askari waweze kufyatua risasi sambamba na ukuta wa jirani. Pande zilizoelekea nchi kavu zilifunikwa matofali. Zilizoelekea mito ziliachwa udongo mtupu. Ilikamilika 1761. Kwa macho ya Walenape, jengo la ukubwa ule lilikuwa jibu la wazi la swali la Shingas.

Mito nayo ilikuwa na neno. Januari 1762 maji yalipanda yakaingia ngomeni, na Machi 1763 yakaingia tena yakabomoa kuta za udongo. Mahali palipofaa mno kwa kutawala mito palikuwa pia mahali ambapo mito ilitawala.

Jenerali Jeffery Amherst, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Uingereza Amerika, alisababisha madhara makubwa kuliko maji. Desturi ya nchi ile ilikuwa kwamba mgeni anayekaa kwenye ardhi ya watu hutoa zawadi kila mwaka: baruti, risasi, mablanketi. Wafaransa waliiheshimu. Amherst aliiona ni rushwa, akaifuta, na akabana uuzaji wa baruti. Kwa watu waliokwisha kuacha upinde na kuwinda kwa bunduki, kukosa baruti ni kukosa nyama na ngozi za kuuza. Wakati huohuo Neolin, nabii wa Walenape, alikuwa akihubiri kwamba Muumba amechukizwa na watu wake kwa kutegemea vitu vya Wazungu. Februari 1763 Ufaransa ikasaini kuikabidhi Uingereza nchi ya mashariki ya Mississippi, nchi ambayo wenyeji wake hawakuwahi kushindwa vitani wala kuulizwa.

Mei 1763 Pontiac, kiongozi wa Waodawa, aliizingira Detroit. Katika wiki chache ngome nane za Waingereza zikaanguka. Fort Pitt ilizingirwa ikiwa na zaidi ya watu 500 ndani, wakiwamo wanawake na watoto zaidi ya 200 waliokimbilia humo kutoka nyumba za jirani. Kamanda, Kapteni Simeon Ecuyer, alikuwa mzaliwa wa Uswisi. Ndui ilikwisha kuzuka katika msongamano ule, na wagonjwa wakatengwa katika hospitali ndogo chini ya daraja la ngome.

Tarehe 24 Juni wajumbe wawili wa Walenape walikuja kuzungumza, wakawasihi Waingereza waondoke kwa amani wakiwa hai. Waingereza walikataa. Wajumbe walipoaga walipewa chakula na, kama ilivyo desturi, zawadi. Aliyeandika kilichotolewa ni William Trent, yuleyule wa 1754, ambaye sasa alikuwa kiongozi wa wanamgambo ngomeni. Aliandika katika shajara yake kwamba waliwapa mablanketi mawili na leso moja kutoka hospitali ya ndui, na kwamba anatumaini vitu hivyo vitafanya kazi iliyokusudiwa.

Kuna watu wanaodhani habari hii ni uvumi. Si uvumi. Kampuni ya biashara ya Trent ilipeleka jeshini hati ya madai ya kufidiwa vitu hivyo: mablanketi mawili, leso ya hariri na leso ya kitani, jumla pauni 2, shilingi 13 na peni 6, na sababu ikaandikwa humo kwamba vilichukuliwa kwa wagonjwa ili kuwapelekea Wahindi, kama Wazungu walivyowaita wenyeji, ndui. Ecuyer alithibitisha, na mkuu wa majeshi aliyemfuata Amherst akaidhinisha malipo. Barua mashuhuri ambazo Amherst alimwandikia Kanali Henry Bouquet kupendekeza jambo hilohilo ni za Julai, kwa hiyo watu wa Fort Pitt hawakuwa wakitekeleza amri yake. Walilifikiria wenyewe, na wakubwa wao wakalifikiria wenyewe. Kwangu hilo linatisha zaidi kuliko amri moja ya mtu mmoja. Kama mablanketi yale ndiyo yaliyosambaza ndui hakuna anayeweza kuthibitisha, kwani ugonjwa ulikuwa tayari ukitembea katika bonde la Ohio mwaka ule kwa njia nyingine. Nia haihitaji uthibitisho. Imeandikwa na kutiwa saini.

Bouquet alikuja na msafara wa kuokoa ngome, na Agosti 5 akavamiwa mahali paitwapo Bushy Run. Usiku ule majeruhi walilazwa katikati ya duara la magunia ya unga yaliyokuwa yakipelekwa ngomeni, bila tone la maji. Asubuhi Bouquet alijifanya anarudi nyuma, wapiganaji wakaingia wazi, vikosi vilivyojificha vikawapiga ubavuni. Agosti 10 akafika Fort Pitt. Oktoba mwaka huo mfalme alitoa tangazo la kukataza walowezi kuvuka milima. Yaani, baada ya vita vya miezi mitano, London ilirudia ile ahadi ya Easton.

Mwaka 1764 Bouquet aliongeza kibanda cha ulinzi cha matofali juu ya msingi wa mawe, kuziba udhaifu wa pande za mito. Kinasimama hadi leo, jengo pekee la ngome lililosalia. Ukikikaribia utaona safu mbili za mbao nene zilizopachikwa ukutani, zimetobolewa matundu membamba upande wa nje na mapana ndani, ili askari apate nafasi ya kugeuza bunduki.

Pauni 50

Ahadi ya mfalme haikudumu. Mwaka 1768, huko Fort Stanwix, Haudenosaunee waliwauzia Waingereza nchi ya kusini ya Mto Ohio. Washawnee na Walenape, waliokuwa wakiwinda humo, hawakupewa sauti wala fedha. Katika mkutano huohuo eneo kubwa lilitengwa kama fidia kwa wafanyabiashara waliopoteza mali katika vita vya 1763, na aliyesimamia madai hayo ni William Trent. Madai hayo hatimaye yalikwama mbele ya Virginia, lakini mtu huyo nadhani anaeleza historia yote ya mahali pale: alianza ngome kwa niaba ya wauza ardhi, akaandika habari ya mablanketi, akaja kudai ardhi.

Baada ya Stanwix, ngome haikuwa na kazi. Haikuweza kuwazuia walowezi, ambao walipita mbele ya lango lake kwa mamia, na askari walihitajika pwani ambako makoloni yalikuwa yakichemka. Mwaka 1772 jeshi liliiuza kwa watu wawili kwa pauni 50 za New York. Miaka miwili baadaye wakala wa gavana wa Virginia, John Connolly, aliichukua kwa nguvu dhidi ya Pennsylvania, akaiita Fort Dunmore kwa jina la bwana wake. Mwaka huohuo walowezi waliwaua ndugu za Logan, kiongozi wa Wamingo, yaani watu wa Haudenosaunee waliohamia Ohio, aliyekuwa rafiki wa Wazungu, na Virginia ikapigana na Washawnee. Majimbo hayo mawili yalipatana kuhusu mpaka wao baadaye kabisa, wakati wa Vita vya Uhuru.

Jimbo la kumi na nne

Vita vya Uhuru viliirudishia ngome jina lake na kazi yake. Marekani mpya ilitaka kuishambulia Detroit iliyokuwa mikononi mwa Waingereza, na njia ilipita katika nchi ya Walenape. Kwa mara nyingine jeshi lilihitaji ridhaa yao.

Tarehe 17 Septemba 1778, ndani ya Fort Pitt, ulisainiwa mkataba wa kwanza wa maandishi kati ya Marekani na taifa la asili. Walioweka alama zao kwa upande wa Walenape ni White Eyes, Captain Pipe na Killbuck. Kifungu cha sita kinasema kwamba Walenape, pamoja na mataifa mengine rafiki, wanaweza kuunda jimbo, wao wakiwa kichwa chake, na kuwa na mwakilishi katika Bunge la Marekani, Bunge lenyewe likikubali. Hakuna kifungu kinachonisumbua kama hicho. Baadhi ya wanahistoria wanakiona ni chambo tu. Mimi naamini White Eyes alikichukua kwa uzito wote, kwa sababu kilikuwa jibu kamili la swali ambalo Shingas alimuuliza Braddock miaka 23 kabla.

George Morgan, aliyekuwa wakala wa Bunge kwa mataifa hayo lakini hakuwapo mkutanoni, alikasirika alipousoma mkataba, akaandika kwamba hapajawahi kuwa na mkutano ulioendeshwa kwa ubaya namna ile. Walenape wenyewe walilalamika kwamba maneno yaliyoandikwa siyo yaliyosemwa: walidhani wametoa njia ya kupita, hati ikasema wameingia vitani.

Novemba mwaka huohuo White Eyes alikufa akiwa na jeshi la Marekani aliloliongoza njia. Ilitangazwa kwamba ni ndui. Morgan aliandika baadaye kwamba aliuawa kwa hila na wanamgambo, na siri ikafichwa. Jeshi halikufika Detroit. Nguo na vyakula vilivyoahidiwa havikuja. Captain Pipe akahamia upande wa Waingereza, na Aprili 1781 Kanali Brodhead, kamanda wa Fort Pitt, akaichoma Coshocton, makao makuu ya Walenape. Machi 8, 1782, wanamgambo wa magharibi ya Pennsylvania waliwafungia Walenape Wakristo katika nyumba mbili huko Gnadenhutten, wakapiga kura, wakawaua 96 wakiwamo watoto. Hawa walikuwa Wamoravia, waumini wa kanisa lilelile la Post.

Mwaka 1792 jeshi lilijenga ngome nyingine juu kidogo ya Allegheny, na Fort Pitt ikaachwa. Matofali yake yakauzwa, yakajengewa nyumba za mji uliokuwa ukikua. Mkataba wa Greenville wa 1795 ulichukua sehemu kubwa ya Ohio, na Walenape wakaanza kusukumwa tena magharibi: Indiana, Missouri, Kansas, kisha Oklahoma, wengine Wisconsin na Ontario. Pembe yenyewe ikajaa maghala na reli mpaka katikati ya karne ya 20, ilipofyekwa kuwa bustani, iliyokamilika 1974. Mipaka ya Fort Duquesne imechorwa kwa mawe kwenye majani, na jumba la makumbusho limo ndani ya kona ya Fort Pitt iliyojengwa upya. Mataifa ya Walenape yaliyoko Oklahoma, Wisconsin na Ontario yana serikali zao hadi leo. Hakuna hata moja lenye kiti katika Bunge la Marekani.